Pongezi kwa Mafundi Gereji wa Tabora
Tabora, ambayo wasafiri wa karne ya 19 waliiita Kazeh, ilikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, na wapagazi wake Wanyamwezi walisifika kwa kustahimili mizigo mizito; leo sifa kama hiyo inawastahili mafundi gereji. Fundi huifungua stabilaiza, yaani fimbo ya chuma cha springi inayounganisha magurudumu ya mbele ya kulia na kushoto, kutoka gari lililokufa, akaikagua nyufa, akailinganisha na chasisi ya pikapu kuukuu, kisha akaifunga kwa bushi mpya za mpira. Gari likikata kona, fimbo hujisokota na kuizuia bodi isilale mno. Hivyo chuma chakavu huwa kinga ya abiria.