Nguo za Akina Mama na Maneno ya Wauzaji

Mtu apitaye barabara ya Mukendo mjini Musoma, au maduka ya Bunda yaliyo kando ya njia kuu iendayo Mwanza, ataona juu ya milango mingi maandishi haya: "Nguo za akina mama na watoto." Tumeyazoea hata hatuyasomi tena. Lakini maneno ya biashara ni maneno kama mengine, nayo yafaa kusomwa kwa makini, maana yameandikwa ili yatutoe fedha mfukoni.

Hao akina mama ni nani? Kwa maandishi hayo, ni kila mwanamke, tangu binti aliyemaliza shule mwaka jana hata bibi mwenye vitukuu. Wamewekwa pamoja na watoto, kana kwamba wote wanangoja mtu mwingine awachagulie. Lakini ukiingia ndani utaona kwamba duka halikuwachanganya hata kidogo. Sanamu iliyosimamishwa mlangoni ni ya msichana mwenye kiuno chembamba, naye huvikwa gauni jipya lililofika juzi. Nguo za wanawake wa makamo na wazee ziko nyuma, zimekunjwa juu ya rafu. Akiingia mama mwenye mvi, mwuzaji humwamkia vizuri, shikamoo mama, na kabla huyo mama hajasema alilolijia huambiwa, "Za kwako ziko huku." Mwuzaji si mtu mbaya. Amefundishwa na biashara yake kwamba umri wa mtu hutangulia haja yake.

Neno litumikalo kuiuza nguo hiyo ya nyuma ni heshima. "Hii ni nguo ya heshima, mama." Ni neno zuri, na katika Mara halichezewi. Walakini tukiliangalia vema twaona limebeba mizigo miwili. Mzigo wa kwanza ni kwamba nguo ni ndefu na yasitiri, na hilo akina mama wengi walitaka. Mzigo wa pili umefichwa chini ya ule wa kwanza: ya kwamba nguo ni pana pasipo kipimo, rangi yake imefifia, na mshono wake ni wa haraka. Mama akiikataa kwa sababu ya mzigo wa pili, huonekana kana kwamba ameukataa ule wa kwanza. Basi hunyamaza na kulipa. Nani aliyeamua kwamba heshima ina rangi ya udongo? Wazee wa pwani hawakuamua hivyo. Kanga ya kisutu, ambayo tangu zamani huheshimiwa sana katika arusi, ni nyekundu, nyeusi na nyeupe, na wanawake wazima huivaa mchana kweupe.

Twalitaja jambo la pwani kwa kuwa ndiko biashara hii ya vitambaa ilikotufikia. Katika karne ya 19 kitambaa kilichotamalaki ni merekani, nguo nyeupe nzito iliyoletwa Unguja na merikebu za Salem, Marekani. Vita vya Marekani vya mwaka 1861 hata 1865 vilipoipunguza, viwanda vya Bombay vilichukua nafasi. Kulikuwa na kaniki pia, iliyotiwa rangi ya nili, nayo ilikuwa nguo ya watumwa na maskini. Baada ya hali ya utumwa kukomeshwa kwa sheria huko Unguja mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliiacha kaniki wakashika kanga, ili watu wawaone kuwa ni waungwana. Wafanya biashara wa siku zile walijifunza kwa hasara kwamba nakshi isiyopendwa na wanawake hukaa ghalani. Mwanamke ndiye aliyesema, na mwenye mali akasikiliza. Huku bara, ambako bibi zetu walivaa ngozi zilizolainishwa, vitambaa hivyo vilipofika vilikuta watu wale wale wenye macho ya kuchagua.

Kanga ina sifa moja ambayo nguo iliyoshonwa tayari haina. Haiulizi umri. Upana wake ni kama sentimeta 110 na urefu kama 150, nao ni ule ule kwa bibi arusi na kwa nyanya yake. Haijui kiuno kilivyokuwa wala kilivyo sasa. Ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maneno yaliyochapwa chini, ambayo zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu na baadaye kwa herufi za Kirumi. Nyumba ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, iliyoanza mwaka 1887, ambayo kanga zake hujulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla", imesifiwa sana kwa majina hayo.

Sasa, anayetaka kujua kanga imeuzwa kwa nani asitazame picha. Asome jina, ajiulize: hapa asemaye ni nani, na asemwaye ni nani? Chukua jina lijulikanalo kila mahali, "Japo sipati tamaa sikati." Asemaye ni mvaaji mwenyewe. Mwanamke wa miaka 60 akijifunga kanga hiyo, ni yeye anayewaambia majirani kwamba bado ana jambo analolitamani, na ni shauri lake kulitaja au kutolitaja. Chukua sasa "Nani kama mama." Asemaye hapa ni mtoto. Mama amevaa maneno yaliyosemwa juu yake. Ni maneno ya upendo, wala hatuyabezi. Wengi wetu tumeyanunua. Lakini yatuonyesha wazi kwamba mwenye kiwanda alipoyachapa hakuwa akimfikiria mama aje dukani. Alimfikiria mwana aliye Mwanza au Dar es Salaam, anayerudi nyumbani mwezi wa Desemba na hana nafasi ya kuuliza mama anataka nini.

Ndiyo sababu masanduku ya mama zetu yamejaa. Fungua sanduku la mama mzee katika kijiji chochote cha Butiama, utakuta doti za kanga ambazo hazijakatwa, na vitenge vyenye karatasi ya kiwandani bado. Amepewa kwenye arusi, amepewa na wakwe, amepewa na wajukuu. Havai. Huzitunza ili naye azitoe kwenye arusi nyingine na kwenye msiba mwingine. Ni akiba, na ni akiba yenye akili. Lakini ukimtazama mwenye sanduku hilo shambani au njiani kwenda kisimani, gauni alilovaa limeshonwa upya begani mara tatu. Wafanya biashara wameuza nguo nyingi kwa ajili yake, na yeye hana nguo.

Tuseme basi anakata kitenge kimoja na kukipeleka kwa fundi. Barazani kwa fundi, nyuma ya cherehani, pamebandikwa karatasi kubwa zenye picha za mitindo, nyingi zikiwa zimetoka Afrika ya Magharibi. Zina wanawake 20 au 30 katika karatasi moja, na wote wana umri mmoja, kana kwamba walizaliwa mwezi mmoja. Mama huulizwa, "Wataka upi?" Huonyesha kwa kidole mkono wa huyu na shingo ya yule. Nguo ikiisha, mkono haumruhusu kuinua ndoo, na vifungo viko mgongoni, mahali ambapo bega lenye maumivu halifiki. Fundi aliishona sawasawa na picha. Picha ndiyo haikuwa na bega lenye maumivu.

Mtu asidhani kwamba Ulaya wamelimaliza jambo hili. Mwaka 2015 nyumba ya mitindo ya Céline ya Paris ilimweka katika matangazo yake Joan Didion, mwandishi wa Marekani, akiwa na umri wa miaka 80, amevaa miwani mikubwa myeusi. Mwaka 2019 Iris Apfel wa New York, aliyekuwa na miaka 97, alipewa mkataba na kampuni kubwa ya waonyesha mavazi. Magazeti yalishangilia, yakasema wazee sasa wameonekana. Sisi twaona neno lingine. Bidhaa zile ni za bei ambayo wazee wachache sana waweza kuilipa, na kijana aliyezitazama picha zile alitamani naye kuwa mzee wa namna hiyo, mwembamba, mashuhuri, asiyebeba mtoto wa mtu mgongoni. Mzee aliwekwa mbele ili kumwuzia kijana. Huku kwetu kijana huwekwa mbele ili kumwuzia mzee. Katika njia zote mbili hakuna aliyemwuliza huyo mama mkono wake unainuka mpaka wapi.

Ajabu ni kwamba mahali ambapo mama mzee wa Mara huvalishwa vizuri kuliko pengine pote ni pale ambapo hakuna anayemshawishi: kwenye mitumba. Siku ya mnada belo hufunguliwa, nguo humwagwa juu ya turubai, na bei hutangazwa kwa sauti kuu kwa wote pamoja. Hakuna rafu ya mbele wala ya nyuma. Mama huinama, huvuta, hujaribu mpira wa kiuno kwa vidole viwili, hutazama kama kuna mfuko wa kutia simu na fedha, huigeuza nguo aone mshono wa ndani. Na mara nyingi atakachokichagua ni sketi ya bibi fulani wa Ujerumani au Kanada, pana, yenye mpira na mifuko miwili, iliyoshonwa kwa ajili ya mwili kama wake. Mabibi hao wawili hawajuani, lakini miili yao imepatana.

Twajua yanayosemwa juu ya mitumba, kwamba imevidhoofisha viwanda vyetu. Wakuu wa Afrika ya Mashariki walikata shauri mwaka 2016 kuipunguza mpaka iishe mwaka 2019, kisha Tanzania na nchi nyingine zikalegea Marekani ilipotishia kuwaondolea nafuu ya ushuru. Si kazi yetu leo kuamua shauri hilo. Ila twasema hivi: pamba hulimwa Bunda, na Musoma palijengwa kiwanda cha nguo, Mutex. Mama aliyeichuma pamba hiyo kwa mikono yake angalifurahi kuvaa gauni lililotoka katika pamba hiyo, kama angalikuwako mtu wa kulikata likamwenea.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo zito, kwa kuwa halina mwuzaji wa kumlaumu. Ni sare.

Katika mkoa wetu tangazo lenye nguvu kuliko yote kwa wanawake wazima si picha wala redio. Ni mwenyekiti wa kikundi kusimama na kusema, "Mwaka huu kitenge chetu ni hiki." Iwe ni Siku ya Wanawake tarehe 8 Machi, iwe ni sikukuu ya umoja wa akina mama wa kanisa, iwe ni arusi au ubarikio, kitambaa huchaguliwa na wachache, na wengi hununua. Wenye maduka wamelijua jambo hili zamani. Hawana haja ya kumshawishi mama mmoja mmoja. Huwashawishi watatu wa kamati, hutoa punguzo kwa doti nyingi, hukubali kulipwa kidogo kidogo, na wanawake 80 wamekwisha nunua. Werevu wao hauna kosa la sheria. Na uzuri wake twauona: wanawake wa rika zote wamevaa nguo moja, tajiri na maskini hawatambulikani, mvi na nywele nyeusi ni mstari mmoja. Tukiwatazama wakiingia kwa wimbo, moyo hufurahi.

Lakini tuhesabu pia wasioingia. Mjane ambaye mahindi yake yalikauka hasemi, "Sina fedha ya kitenge." Husema ana homa, au ana mgeni. Mwaka wa pili husema vivyo hivyo. Mwaka wa tatu hakuna amwulizaye. Kitambaa kilichonunuliwa ili maskini asitambulike kimemtambulisha kwa kutokuwapo kwake. Na aliye na fedha ya mwaka huu bado anacho kitenge cha mwaka jana, kizima, hakijapauka, nacho hakina siku ya kuvaliwa tena kwa kuwa kina maandishi ya mwaka kifuani.

Kwa hiyo twatoa shauri kwa kamati zote, za Musoma, za Bunda, za Butiama na za vijijini. Maandishi ya mwaka yasichapwe, ili kitambaa kiweze kuvaliwa miaka mitatu au minne. Sare ya mambo madogo iwe kilemba tu, kwa maana kipande kimoja cha kitenge hutoa vilemba vya watu kadhaa, na kilemba hakihitaji fundi. Na mwenye duka ajapo na vitabu vya nakshi, asikae na watatu wale peke yao. Aitwe pia mama mmoja asiyeweza kununua, naye aulizwe wa kwanza.