Nani Aliyepanda Mkarafuu? Kuzisoma Upya Tarikh za Familia Zetu

Familia zetu zilizotawanyika Maskati, Dubai, London na kwengineko zimeanza kuandika tarikh zao, na hilo ni jambo la kheri. Wazee wanaondoka, na kila mmoja anaondoka na anayoyajua. Lakini nyingi nilizobahatika kuzisoma zimeshonwa kwa kitambaa kimoja. Babu alishuka jahazini hana kitu, akakuta pori, akalifyeka, akapanda mikarafuu, akajenga msikiti, akafa mwenye mashamba kadha. Kisha inafuata shajara ya nasaba, wanaume watupu. Napenda kuonyesha upungufu wa uandishi huu kwa kumtazama aliyewatangulia wakulima wote hao, na kitabu cha binti aliyezaliwa juu ya ardhi iliyokuwa yake.

Saleh bin Haramil Al-Abri tunamjua zaidi kwa kalamu ya Guillain, nahodha wa Kifaransa aliyechapisha khabari zake za pwani yetu katika miaka ya 1850. Kwa riwaya yake, Saleh alikuwa mzaliwa wa Maskati, akafuatana na Wafaransa mpaka visiwa vyao vya Bahari ya Hindi, na akaleta mkarafuu kutoka Bourbon, ambayo leo ni Réunion. Mwaka wenyewe una khitilafu: wako wanaosema 1812, na Burton ameandika 1818. Mashamba yake yalikuwa Mtoni na Kizimbani.

Mpaka hapa kisa kinalingana na tarikh zetu. Kinachofuata ndicho tusichokizoea. Saleh alikuwa mkubwa wa kundi ambalo Sayyid Said hakuliamini. Mkataba wa Moresby wa 1822 ulipokataza kuwauzia Wakristo watumwa, yeye alituhumiwa kuendelea kuwapeleka visiwa vya Wafaransa, na mashamba yake yakachukuliwa. Sayyid Said alifika Unguja 1828, na Mtoni pakawa kasri yake. Kwa hivyo huyu tunayemwita mwanzilishi alikuwa mkulima na mfanya biashara ya watumwa kwa wakati mmoja, na hakuwarithisha wanawe mashamba hayo. Anayetaka kumsifu kwa la kwanza hana budi kulieleza la pili.

Hapo Mtoni ndipo alipozaliwa Sayyida Salme, mwaka 1844. Kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1886, na leo kinasomwa pia kwa Kiingereza na Kiarabu. Tukikisoma kama tarikh ya familia yenye mashamba, kina fadhila moja kubwa: Salme anamtaja mama yake. Anatuambia jina lake, Jilfidan, na kwamba alikuwa Mcherkesi, binti wa mkulima, aliyetekwa vitani akiwa mdogo baada ya wazee wake kuuawa. Binti wa mfalme hakuona haya kuandika kwamba mamake alikuwa suria. Sisi, zaidi ya karne moja baadaye, tunaandika "mke wa pili" bila ya jina, au hatuandiki kabisa.

Lakini kitabu hicho hicho kina kasoro yake. Uani kwa Mtoni tunawaona tausi, paa, mbuni na heroe, na tunaisikia furaha ya watoto. Wachumaji wa karafuu hawakupata kurasa kama zile alizopata Jilfidan. Ukifika mlango wa utumwa, mwandishi anawajibu Wazungu kwa kuutetea, kwamba kwetu haukuwa kama wa Marekani. Aliyejua vizuri namna gani mama yake alivyotekwa hakujiuliza kama mtu wa shamba naye hakuwa na kisa kama hicho.

Na kazi yenyewe ya mkarafuu inadai tuulize. Mti hukaa miaka sita na zaidi kabla ya kuzaa, na wakati wote huo unataka palizi. Karafuu huchumwa kwa mkono kabla ya ua kufunguka, huchambuliwa makonyo, huanikwa majamvini, na mvua ikitishia huanuliwa mbio. Hakuna babu mmoja aliyeyafanya hayo kwa mashamba matatu. Walioyafanya ni watu waliovushwa kutoka Nyasa, Uyao na Uzaramo, ambao kwa ada walipewa Alkhamisi na Ijumaa kulima vijishamba vyao. Hata lile "pori" lilikuwa na wenyewe, Wahadimu waliolitumia kabla ya shoka la babu.

Upungufu wa pili ni deni. Tarikh zetu huruka kutoka neema ya babu mpaka Januari 1964. Katikati pana bei iliyoanguka karafuu zilipozidi, tufani ya 1872 iliyoing'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba, kufutwa kwa utumwa kisheria 1897, na rehani kwa matajiri wa Kihindi, hata serikali ikatunga sheria ya 1934 kuzuia ardhi isihamie mikononi mwao. Pigo la 1964 ni la kweli; wako waliouawa, na mashamba yalitwaliwa. Lakini mjukuu anayesoma kwamba kila kitu kilikuwa salama mpaka asubuhi ile hawezi kufahamu kilichotokea, na akikutana na vitabu vya Sheriff au Cooper atadhani tulimdanganya.

Ushahidi upo. Zitazameni hati za wakfu ambazo familia nyingi bado wanazo sandukuni, au ziko Nyaraka za Taifa kule Kilimani. Wenye mashamba wengi walipoweka wakfu walitaja, pamoja na watoto wao, watumwa waliowaacha huru na vizazi vyao, wapate kukaa na kula katika shamba. Babu mwenyewe, akiogopa hesabu ya Mola wake, aliwaandika watu hawa mbele ya kadhi na mashahidi. Sisi tunaoandika kwa kumtukuza ndio tuliowafuta.

Basi anayeandaa tarikh ya familia yake na aanze na hati hizo, aongeze rehani na kesi za mirathi, kisha akawaulize bibi zake majina ya mama zao. Wazee walisema mficha uchi hazai. Kitabu kitakachotoka huenda kisimpendeze kila mtu katika ukoo, lakini wajukuu wetu, na wajukuu wa wale waliochuma karafuu zile, wataweza kukisoma pamoja.