Duru ya Alasiri

Hesabu yenyewe ni nyepesi, na pengine ndiyo maana wengi hujitosa. Msahafu wa chapa ya Madina, ulioandikwa kwa hati ya Uthman Taha na kuenea katika misikiti mingi ya Afrika Mashariki, una kurasa 604. Kurani imegawanywa katika juzuu 30, na juzuu moja ni kurasa 20 hivi. Anayesoma kurasa nne baada ya kila sala ya faradhi humaliza juzuu nzima kabla ya kulala, na Ramadhani ikiisha naye amehitimu.

Kumi la kati ndilo linaloivuruga hesabu hiyo. Kumi la kwanza watu wana hamu: safu za tarawehe zinafika barazani, na misahafu iliyokaa mwaka mzima kwenye vidaka vya ukutani inafutwa vumbi. Kumi la mwisho nalo lina mvuto wake, Lailatul Kadri na itikafu na Idi inayonukia. Katikati pana usingizi. Mwili umechoka kuamkia daku, kazi sokoni na ofisini hazijapungua, na anayesoma peke yake huiacha juzuu ya 12 akijiahidi kwamba kesho atasoma mbili. Kesho anadaiwa kurasa 40. Keshokutwa 60. Wengi huishia hapo, na si kwa upungufu wa imani.

Watu wa pwani wamezoea kutomwachia mtu mmoja mzigo huu. Baada ya sala ya alasiri, au usiku baada ya tarawehe, hukaa msikitini kwa duara, misahafu juu ya marfaa, wakasoma kwa zamu. Mmoja anasoma kwa sauti, waliobaki wanafuatisha kwa macho. Akimaliza fungu lake anapokea wa kuliani kwake. Kesho yake duru inaanzia pale ilipoishia, awepo fulani au asiwepo. Aliyelazwa na homa siku mbili anarudi na kuwakuta wenzake juzuu ya 14. Anakaa, anafungua walipofika, anasoma. Zile mbili atazilipa nyumbani kwa nafasi yake. Duru haimsubiri, lakini wala haimfukuzi, na katika tofauti hiyo ndogo watu wengi wamevuka kumi la kati ambalo peke yao lingewashinda.

Bukhari amepokea kwamba malaika Jibrili alikuwa akimjia Mtume Muhammad (S.A.W.) usiku wa Ramadhani, wakadurusu Kurani pamoja, na kwamba mwaka wake wa mwisho walidurusu mara mbili. Basi tangu mwanzo kazi hii ni ya wawili: mmoja asome, mwingine asikilize. Sifa kwa kawaida humwendea yule wa kwanza. Mahmoud Khalil al-Husary, ambaye kisomo chake cha Kurani nzima kilirekodiwa na kurushwa na redio ya Kairo mwaka 1961, anajulikana hadi leo. Abdul Basit Abdus Samad, Mmisri mwenzake, sauti yake inatambuliwa hata na wasiojua alifu. Msikilizaji hana jina. Ukikaa katika duru siku chache, hata hivyo, utaona kwamba fundi wa kweli ni yeye.

Chukua ukurasa wa mwanzo tu wa sura ya Baqara. Katika aya ya 2 kuna alama mbili za nukta tatu, zikifuatana kwa karibu. Maana yake ni kwamba msomaji anaweza kusimama penye alama ya kwanza au penye ya pili, lakini asisimame pote pawili. Akisimama pote, maneno ya katikati yanabaki hayana pa kujishikiza. Msomaji aliyebanwa na pumzi husahau. Msikilizaji hana pumzi ya kumbana. Au chukua sura ya Rahman, yenye aya 78, ambamo aya moja inarudiwa mara 31. Anayesoma kwa kasi anaweza kuiruka moja na asijue, kwa kuwa alichokiruka kinafanana kabisa na alichokwisha kukisoma. Anayefuatisha kwa kidole anajua mara moja.

Waliohifadhi wana mtego mkubwa zaidi. Kisa cha Musa na Firauni kimesimuliwa katika Aaraf, katika Taha, katika Shuaraa na kwingineko, kwa maneno yanayokaribiana sana. Hafidhi huanza na Aaraf, akafika kwenye neno ambalo sura mbili zinashirikiana, ulimi ukateleza, naye akajikuta yumo ndani ya Shuaraa bila sauti yake kutikisika hata kidogo. Kwa mgeni hakuna kilichotokea. Ndiyo maana ni vyema nyuma ya imamu wa tarawehe asimame mtu aliyehifadhi, amfungulie pale anapokwama. Kazi ya mtu huyo ni nzito kuliko inavyoonekana. Lazima awe na yakini kwamba imamu amekosea, si kwamba amenyamaza kuvuta pumzi. Kisha alitaje neno kwa sauti inayomfikia imamu bila kuwapa safu za nyuma sababu ya kunong'ona.

Kumsitiri msomaji ndiyo nusu ya ufundi huu. Msikilizaji mchanga hulirukia kosa, na wakati mwingine hurukia lisilo kosa, kwa kuwa hakungoja kusikia neno likamilike. Mzoefu hungoja. Humpa msomaji nafasi ya kujisikia. Asipojisikia humwambia arejee mwanzo wa aya, wala hamtajii neno. Mara nyingi kurejea kunatosha. Hutokea mtoto wa miaka kumi na miwili, aliyehitimu chuoni akiwa amehifadhi, kumsahihisha mtu wa rika la babu yake. "Rejea, babu," anasema, kwa sauti ya chini na macho yakiwa kwenye msahafu. Babu anarejea. Pwani ni mahali ambapo umri unatangulia katika karibu kila jambo, kuanzia salamu hadi sahani. Kuona mpangilio huo ukipinduliwa kila alasiri kwa mwezi mzima, mbele za watu, pasipo yeyote kuvunjiwa heshima, ni jambo la kustahi.

Makosa yenyewe yana tabia zake. Mswahili amekwisha kuwa na dhali, tha na ghaini kinywani mwake, na hapo amefadhiliwa kuliko wasomaji wa mataifa mengi. Zinazomsumbua ni ha mbili anazozitamka kama moja, aini inayolegea kuwa alifu, na kafu nzito inayomtoka nyepesi. Tena ulimi wake umezoea kumalizia maneno kwa irabu. Anaposimama kwenye dali au ba, herufi zinazotaka kugongwa kidogo kwa kalkala, huongeza irabu nzima badala ya kuzigonga tu. Hayo hayarekebishwi na kitabu cha tajwidi pekee. Sikio la mtu mwingine ndilo linaloyanasa, siku hadi siku, hadi msomaji aanze kuyanasa mwenyewe nusu sekunde kabla hayajatoka.

Kusahihishana namna hii, mmoja wa Lamu na mwingine wa Kigoma katika duara moja, kumerahisishwa na chapa. Chapa ya Kairo ya mwaka 1924, iliyofuata kisomo cha Hafs kutoka kwa Asim, ndiyo iliyogeuka kigezo cha misahafu mingi iliyofuata. Kabla ya enzi ya chapa msahafu ulinakiliwa kwa mkono, na pwani hii ilikuwa na wanakili wake wenye sifa: Siyu, katika kisiwa cha Pate, palikuwa na mafundi walioandika na kupamba misahafu ambayo baadhi yake imehifadhiwa hadi leo. Nakala ya mkono haiaminiwi mpaka ilinganishwe neno kwa neno na ile iliyonakiliwa. Kwa hiyo hata huko, kwenye wino na karatasi, kazi haikukamilika bila mtu wa pili.

Hitima ni jambo jingine mbali na duru, ingawa watu wale wale ndio wanaoisoma. Msibani huletwa kasha lenye vijitabu 30, juzuu moja katika kila kijitabu, vikagawiwa waliohudhuria, na kila mmoja akasoma chake kwa wakati mmoja na wenzake. Katika muda wa saa moja hivi Kurani nzima imesomwa, kukaombwa dua, watu wakala. Kama wema kwa marehemu na faraja kwa wafiwa, hitima ina mahali pake. Kama kisomo, ina upungufu usiofichika: hakuna anayemsikia mwenzake. Aliyepewa juzuu ya 13 anaanza katikati ya kisa cha Yusuf. Aliyepewa ya 16 anajikuta katikati ya mazungumzo ya Musa na mja mwema katika sura ya Kahf, na sehemu ya kwanza ya safari yao ilisomwa na mtu aliyeketi upande mwingine wa turubai. Mgawanyo wa juzuu ulifuata urefu wa maandishi, haukufuata visa. Katika duru mkato huo hauumizi, kwa kuwa waliosikia jana ndio wanaosikia leo.

Wanawake wana duru zao majumbani, aghalabu kati ya adhuhuri na alasiri, kabla jiko la futari halijawashwa. Hizi hutajwa kidogo mno kuliko zinavyostahili. Mwenye udhuru wa mwezi hagusi msahafu na hasomi, lakini hakatazwi kusikiliza, na katika duru iliyoongozwa vizuri haondoki. Anakaa, anasikiliza, na akiwa amehifadhi husikia kosa kama kawaida. Siku ambazo zingempotea kabisa angekuwa peke yake zinabaki kuwa siku za Kurani.

Lipo swali ambalo mpenda duru hana budi kulikabili. Wengi wanaosoma hawajui Kiarabu. Wanaweza kumaliza juzuu 30 kwa tajwidi safi na wasiweze kueleza aya 30. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alilihisi hilo, akaanza tafsiri ya Kiswahili ambayo ilichapishwa baada ya kufariki kwake mwaka 1947. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, Mzanzibari aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliitoa tafsiri yake kamili Nairobi mwaka 1969. Sheikh Ali Muhsin al-Barwani, aliyefungwa miaka mingi baada ya mapinduzi ya 1964 na kuishia uhamishoni Ghuba, alitoa yake mwaka 1995. Vitabu vipo, basi. Duru inayofunga kisomo chake cha kila siku kwa dakika kumi za Farsy au Barwani, hata ikabidi ipunguze kasi na kuhitimu usiku wa 29 badala ya 27, inafanya kazi bora kuliko ile inayokimbilia dua ya hitimu. Haraka ya 27 ina sababu yake, kwa kuwa usiku huo watu wengi huutarajia kuwa Lailatul Kadri. Lakini haraka hiyohiyo ndiyo inayomeza ghuna ya puani na madda za kuvuta katika juzuu za mwisho, sura zinapokuwa fupi na kila mtu akidhani anazijua.

Waswahili walioko Maskati, Dubai, London na Toronto wameihamishia shughuli hii kwenye simu. Orodha ya juzuu 30 inatumwa WhatsApp, kila mmoja anaandika jina lake mbele ya namba, na akimaliza anaweka alama ya vema. Ni jambo jema, na limewarudisha kwenye msahafu watu ambao baridi na zamu za kazi zilikuwa zimewatenga nao. Lakini hiyo ni hitima, si duru. Kundi linaweza kuhitimu mara nne katika mwezi mmoja na kosa la mtu likabaki vilevile alivyotoka nalo chuoni utotoni. Anayetaka kitu cha ziada kwenye orodha hiyo ana njia rahisi: apige simu, mmoja asome kurasa mbili na mwingine afungue msahafu wake upande wa pili wa bahari. Maskati na Zanzibar zinapishana saa moja tu. Alasiri ya Unguja inamkuta wa Maskati akielekea futari, ana nusu saa ya kusikiliza, na mtandao ukikatika katikati ya aya, wakiunganishwa tena ni yeye anayejua msomaji arejee wapi.