Mshono Usiokatika: Gauni la Jezi Lililoshonwa Jabe kwa Mashini ya Pedali

Gauni la kitambaa cha kuvutika likikatika mshono, lawama humwangukia uzi, kisha mashini, kisha fundi. Kitambaa hakiulizwi, maana chenyewe kimebaki kizima. Kumbe kisa ni kifupi: kitambaa kilivutwa kikapanuka, uzi ukashindwa kukifuata kwa kuwa haukuwa na urefu wa kutosha. Mengine yote yanayosemwa juu ya jezi na laikra, tangu aina ya sindano hadi ovaloki, ni njia za kuupa mshono uzi wa akiba, au za kuuweka mshono mahali ambapo akiba haihitajiki. Njia hii ya pili haisemwi sana, nami naiona ndiyo ya werevu zaidi.

Gauni ninalolichambua lilishonwa nyumbani huko Jabe, mtaa ulio jirani na Buyenzi na Bwiza jijini Bujumbura. Ni refu, la mikono mirefu, la kuvaliwa sikukuu ya Idi pamoja na hijabu. Kitambaa ni jezi ya viskosi yenye laikra kidogo. Mashini ni Butterfly ya pedali, ile nyeusi tunayoijua sote, isiyoshona ila mshono mmoja: wa mstari ulionyooka. Zigizagi haina. Umeme pia haihitaji, na mkazi wa Bujumbura haelezwi faida ya hilo. Mwenye gauni alikubali nilipindue ndani nje, nilipime kwa utepe na kuuvuta kila mshono.

Ushonaji wa mitaa hii umekulia kwenye vitambaa visivyovutika. Pamba ya tambarare ya Imbo ilikwenda COTEBU, kiwanda ambacho baadaye kilikuwa Afritextile, ikatoka ikiwa kitenge au kitambaa cha sare. Kitenge kina nyuzi za mtande na nyuzi za mshindio zinazopishana. Ukikivuta kwa urefu au kwa upana hakiendi popote, labda ukivute hanamu. Ndiyo maana nguo ya kitenge hukatwa vipande vingi na kupewa zipu: umbo la mwili linatafutwa kwa mkasi. Jezi haina mtande wala mshindio. Ni uzi unaopinda vitanzi, kila kitanzi kikishika cha chini yake, kazi ambayo Mwingereza William Lee aliiundia mashini mwaka 1589 kwa ajili ya soksi. Kitanzi kikivutwa kinapanuka, kikiachwa kinajaribu kurudi. Laikra, ambayo mkemia Joseph Shivers aliibuni katika kampuni ya DuPont mwaka 1958, ipo kwa ajili ya huko kurudi. Jezi ya pamba isiyo na laikra huvutika vizuri tu. Inachoshindwa ni kusahau kuwa ilivutwa, ndiyo maana magoti ya suruali zake hubaki na vifuko.

Kabla ya kukatwa, kitambaa kililowekwa, kikakaushwa kivulini kwa kulazwa, si kwa kuanikwa kambani, maana jezi iliyolowa hurefuka kwa uzito wake. Kisha kikapimwa. Sentimita 10 za upana zilivutika hadi 15 bila kulazimishwa. Sentimita 10 za urefu zilifika 12 tu. Wengi hupima upana wakaridhika. Lakini namba ya pili ndiyo iliyoamua gauni hili litakatwaje.

Mshono hukatika kwa kuvutwa kufuata mstari wake. Mshono wa ubavuni unashuka kwa urefu wa kitambaa, kwa hiyo hata mvaaji akikaa, akiinama au akirukuu, utatakiwa kurefuka kwa asilimia 20 basi. Mshono wa kiunoni, unaozunguka mwili, utatakiwa kurefuka hadi asilimia 50 siku gauni linapopitishwa mabegani kwa haraka. Hiyo ni mishono miwili yenye shida tofauti kabisa, na fundi anayeishona kwa mpango mmoja anautesa mmoja wao. Mshonaji wetu wa Jabe aliukwepa mshono wa kiuno: mbele ni kipande kimoja tangu bega hadi pindo, nyuma vivyo hivyo. Mikono nayo imekatwa pamoja na mwili, hivyo hakuna mshono wa kuzunguka kwapa. Nilipoliona gauni mara ya kwanza nilidhani ni uvivu wa kukata. Nilipoupima kila mshono niliona hesabu: karibu mishono yote mirefu imewekwa upande ambao kitambaa hakisafiri mbali.

Sasa ile mishono iliyobaki inapewaje akiba? Tufanye hesabu, kwa sababu bila hesabu ushauri wa kushona jezi hubaki kuwa imani. Mshono wa kawaida una nyuzi mbili, wa juu na wa bobini, zinazokutana katikati ya unene wa vitambaa. Chukua jezi mbili zilizolaliana zenye unene wa milimita 1.2. Hatua moja ya mshono ikiwa milimita 2.5, uzi wa juu unatembea milimita 2.5 juu ya kitambaa, unazama 0.6 upande huu na kupanda 0.6 upande ule: jumla 3.7. Katika sentimita 10 zipo hatua 40, sawa na milimita 148 za uzi. Punguza hatua iwe milimita 1.5, na kila hatua itachukua 2.7, hatua ni 67 hivi, uzi unafika milimita 180. Mashini ni ileile na uzi ni uleule, lakini akiba imeongezeka kwa kusogeza wenzo wa urefu wa hatua tu.

Njia nyingine ni kukivuta kitambaa kidogo wakati wa kushona, mkono mmoja mbele ya sindano na mwingine nyuma yake. Ukikivuta kwa asilimia 20 kwa hatua ileile ya 2.5, uzi wa kushona sentimita 12 unalala ndani ya sentimita 10 kitambaa kinaporudi: milimita 178 hivi. Ni karibu sawa na kufupisha hatua. Ukiunganisha njia zote mbili unapita 210. Zigizagi ndogo, ya milimita 1 kwa 1, ingekupa kama 260, na hapo ndipo mashini za umeme zinapotuacha nyuma. Ila si mbali kama wauzaji wanavyosema. Hizi ni hesabu za mezani. Uzi ukikazwa mno sehemu ya akiba hii inaliwa mapema, kwa hiyo kigurudumu cha uzi wa juu kilegezwe, na skrubu ya kikasha cha bobini izungushwe kidogo tu. Uzi uwe wa poliesta, kwa sababu wa pamba hauvutiki kama huo.

Anayetaka kuona akiba ya kiwandani afumue fulana moja ya mtumba ubavuni na kuupima uzi unaotoka. Mshono wa kawaida hutumia takriban meta 2.5 za uzi kwa kila meta ya mshono. Ovaloki ya nyuzi tatu hutumia kama 14. Nguvu ya ovaloki kwenye jezi iko hapo, si katika kisu chake kinachosawazisha kingo. Kingo za jezi hazichanuki kama za kitenge. Hujikunja tu, na kujikunja si ugonjwa. Kupeleka gauni la jezi kwa mwenye ovaloki ili "lisifumuke" ni kulipia kazi ambayo kitambaa hakikuiomba. Kumpelekea ili mshono uvutike, sawa, hiyo ni sababu.

Gauni hili lina hitilafu mbili ndogo ubavuni ambazo akiba haiwezi kuziponya: mahali ambapo mashini iliruka, na vitundu vya upana wa ncha ya kalamu. Zote zinatoka kwenye sindano. Ncha kali ya kawaida hutoboa uzi wa kitanzi badala ya kupita kando yake. Kitanzi kikikatika, leo hakionekani, baada ya kufuliwa mara kadhaa kinakuwa tundu. Sindano ya jezi ina ncha ya mviringo inayosukuma nyuzi pembeni. Kwa Butterfly, ambayo hutumia sindano za HAx1, tafuta paketi iliyoandikwa HAx1SP, namba 11. Ikikosekana, sindano mpya nyembamba ni afadhali mara nyingi kuliko nene iliyokwisha kushona kaki. Na kuruka je? Sindano ikifika chini na kuanza kupanda, uzi hulegea nyuma yake na kufanya kitanzi kidogo. Ndoano hukidaka hapo. Kitambaa chenye laikra huing'ang'ania sindano na kupanda nayo, kitanzi hakifanyiki, ndoano inapita hewani. Kuweka karatasi nyembamba chini ya kitambaa kunakizuia kupanda, kisha karatasi inachanwa. Gazeti lisitumike, wino wake unahamia kwenye nguo nyeupe.

Mawimbi ya mshono ni habari nyingine, na hapa ushauri wa kuvuta kitambaa una gharama yake. Meno ya mashini husukuma kitambaa cha chini, mguu wa juu hukikwaza cha juu, jezi inatawanyika kati yao. Ukiongeza na mkono wako unaovuta, mshono unatoka kama ukingo wa jani la kabichi. Butterfly ina skrubu juu ya kichwa, juu kabisa ya mguu. Wengi hawajawahi kuigusa tangu mashini inunuliwe. Ilegezwe hadi mguu ukishike kitambaa bila kukigandamiza. Mawimbi yanayobaki hutulia kwa pasi ya mvuke, au kwa pasi ya mkaa juu ya kitambaa chenye majimaji. Joto la pasi ya mkaa halina namba, basi lijaribiwe kwanza kwenye kibaki: laikra ikiungua hairudi tena, na kitambaa kinabaki kimelegea mahali pale milele.

Begani shida inageuka. Mshono wa bega unabeba uzito wa mkono mzima na unafuata upana, upande unaovutika zaidi. Ukiupa akiba, utashuka hadi kiwiko kabla ya Idi ya pili. Hapa mshonaji aliushona pamoja na ukanda mwembamba wa kitenge uliokatwa kufuata mtande. Mtande hauvutiki, na bega halivutiki. Kipande hicho cha maua mekundu ndani ya gauni jeusi ndicho nilichokipenda kuliko vyote, na hakionekani na mtu.

Shingo imefanywa kwa ustadi wa aina nyingine. Tundu lake lilikatwa likiwa na mzunguko wa sentimita 60. Kichwa cha mtu mzima ni kama 57. Ukanda wa shingo, uliokatwa kwa upana wa kitambaa, ulikuwa na 51, yaani asilimia 85 ya tundu. Uligawanywa robo nne kwa pini, tundu nalo robo nne, pini zikakutanishwa, na ukanda ukavutwa hadi ulingane na tundu wakati wa kushonwa. Uzi ulilazwa kwa kipimo cha sentimita 60. Ulipoachiwa, ukanda uliivuta shingo ikalala vizuri kifuani, lakini uzi wa 60 bado umo. Kichwa cha 57 kinapita bila uzi kufika mwisho wa akiba yake, na hatua zenyewe wala hazikufupishwa.

Pindo la chini limeshonwa kwa mkono, mshono wa msalaba uliolegezwa, na linafaa. Lingeweza pia kuachwa bila kupindwa. Kwa jezi nzuri iliyokatwa kwa mkasi mkali mimi ningeliacha.

Palipokatika ni kwenye midomo ya mikono. Mdomo wa mkono una sentimita 19, na ili kiganja kipite unatakiwa kufika 23 hivi, zaidi ya asilimia 20, kwa mshono unaozunguka mdomo huo. Umeshonwa kwa hatua ya milimita 2.5 bila kuvutwa, kwa sababu rahisi: mkono ulikuwa umeshafungwa kuwa bomba jembamba, na bomba la sentimita 19 huwezi kulinyoosha chini ya mguu wa Butterfly huku ukikanyaga pedali. Uzi wa kushoto umeachia, wa kulia unasubiri zamu yake. Dawa yake ni kupanga kazi upya. Mikono ipindwe ikiwa bado bapa, kabla mshono wa ubavu na kwapa haujafungwa, kwa hatua ya 1.5, mshonaji akikivuta kitambaa mbele na nyuma ya sindano. Kisha ubavu ushonwe kutoka pindo la chini, upite kwapani, umalizikie juu ya pindo la mkono, na urudishwe mara mbili hapo mwisho.