Kulima Pamoja kwa Mbali: Shamba ni la Nani?

Zipo siku hizi programu za kompyuta zinazowawezesha watu wawili, mmoja akiwa Bariadi na mwingine Nairobi au London, kuandika kazi moja kwa wakati mmoja. Kila herufi anayoigonga mmoja huonekana papo hapo kwa mwenzake. Vijana wetu wa Simiyu wanaojifunza kuandika programu huambiwa kwamba kwa vyombo hivi umbali umekwisha. Mimi ni mwalimu mstaafu, wala si fundi wa mitambo. Kwa hiyo navipima kwa swali la darasani: ni nani anayeshika chaki, na kipindi kikiisha mwanafunzi anaondoka na nini?

Wazo lenyewe si geni. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Douglas Engelbart alionyesha hadharani jinsi yeye na mwenzake aliyekuwa Menlo Park walivyoweza kushughulikia maandishi yaleyale kwenye skrini. Kilichoongezeka ni urahisi. Novemba 2017 Microsoft ilitangaza Live Share, na mwezi huohuo GitHub ikatoa Teletype, iliyofanya kazi ndani ya programu iitwayo Atom. Desemba 2022 Atom ilifungwa, na Teletype ikaenda nayo.

Tuanze na sifa, maana zipo. Nimemtazama mjukuu wangu akifanya kazi hivi na mwenzake aliye Mwanza. Kosa lililomsumbua tangu asubuhi lilionwa na yule mwenzake kwa dakika chache, naye akaeleza sababu yake hatua kwa hatua. Mwalimu yeyote atatambua thamani ya jambo hilo. Ni sawa na kumwinamia mwanafunzi dawatini na kuliona kosa linapozaliwa, badala ya kulikuta kwenye daftari siku mbili baadaye.

Hata hivyo, msomaji, tuangalie kinachotokea baada ya hapo. Katika Live Share mafaili hubaki kwenye kompyuta ya mwenyeji. Mgeni anapoingia, skrini yake huanza kwa kumfuata mwenyeji kila aendako. Mwenyeji aweza pia kumruhusu asome tu bila kuandika. Mwenyeji akifunga, mgeni hubaki bila kazi aliyoishiriki. Wazee wetu wa Usukuma walilima kwa vikundi, majembe yakifuata mdundo wa ngoma, na ngoma ya Bugobogobo ni ya kazi hiyo. Aliyeitwa kulima alijua shamba si lake, lakini alijua pia ujira wake au zamu yake ya kusaidiwa. Kijana anayealikwa kwenye skrini ya mtu wa mbali naye aulize mapema: shamba ni la nani, na zamu yangu ni lini?

Aidha, vyombo hivi vinategemea intaneti isiyokatika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom iliharibika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Hata siku za kawaida, umeme ukikatika au bando likiisha, aliye Bariadi ndiye anayetoweka kwenye ukurasa, na mwenzake huendelea bila yeye.

Ipo njia nyingine. Mwaka 2005 Linus Torvalds alitunga Git. Humo kila mshiriki huwa na nakala nzima ya kazi pamoja na historia yake. Huandika hata mtandao usipokuwepo, kisha huunganisha na wenzake baadaye, na kila badiliko hubaki na jina la aliyelileta. Haina raha ya kuonana papo hapo, lakini kijana huondoka na shamba lake na jina lake.

Wala ushirikiano wa mbali haukuanza na skrini ya pamoja. Januari 2008, Kenya ilipowaka moto baada ya uchaguzi, Ory Okolloh akiwa Johannesburg alitoa wito kwenye intaneti, na David Kobia aliyekuwa Marekani akaandika programu. Katika siku chache Ushahidi ikafunguliwa. Live Share na Teletype hazikuwapo.

Hukumu yangu basi ni hii. Kuandika pamoja papo hapo ni chombo kizuri cha kufundishia, mradi aliye dhaifu ndiye awe mwenyeji, aandike yeye, na aliye hodari aelekeze kwa maneno. Kwa kazi ya kujipatia riziki, kijana awe na nakala yake na jina lake ndani yake. Atakayekwenda kuomba kazi ataulizwa ameandika nini, na jibu la kwamba alikuwa akitazama halitamsaidia.