Mto Nairobi: Kosa Lilikuwa Kung'oa Matete

Tuanze ukingoni mwa mto, pale mashine ilipoinama. Picha mmeiona, nyinyi mnaokaa kati ya Shauri Moyo na Njiru: koleo la ekskaveta linazama ukingoni, linainuka na tope jeusi, na juu ya tope yananing'inia matete pamoja na mizizi yake. Kazi ya kuufufua Mto Nairobi, iliyozinduliwa Machi 2025 kwa makadirio ya Sh50 bilioni, ina mambo mengi, lakini mimi sijabanduka kwenye koleo lile. Kuupanua mto kwa mashine na kuuvisha kuta za mawe, huku mafuta ya gereji yakiendelea kuingia mtoni upande wa juu, ni kosa la kiufundi.

Bomba la majitaka, kilomita 54 kwa pande mbili za kilomita 27 za mto, ni kazi njema iliyochelewa. Vijana wa mpango wa ClimateWorX waliookota plastiki mtoni wanastahili heshima. Sasa turudi kwenye kosa.

Upinde wa mvua unaocheza juu ya maji pale Kariobangi mnaujua. Si sabuni. Ni oili chafu ya injini, dizeli ya kuoshea vyuma na grisi, vinavyoteremka kutoka gereji za Grogan na mitaro ya jua kali. Mto Ngong unaleta mzigo wake kutoka Industrial Area kupitia Mukuru, na mizigo hiyo miwili inakutana upande wa Njiru. Nani anakula mafuta hayo? Bakteria. Pseudomonas, Acinetobacter na Bacillus wamo tayari kwenye tope letu, maana palipo na mafuta kwa miaka mingi, walaji wake huzaliana. Kwao haidrokaboni za mafuta hayo ni chakula. Huanza na minyororo mepesi ya dizeli, kisha polepole hung'ata molekuli ngumu zenye pete nyingi.

Hesabu yao ni hii: kwa kila sehemu 100 za kaboni wanahitaji kama 10 za naitrojeni na 1 ya fosforasi. Huko Alaska, meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta Machi 1989, fukwe zilikuwa na kaboni tele na naitrojeni kidogo, ndiyo sababu mwaka huo huo zaidi ya kilomita 100 za pwani zilinyunyiziwa mbolea. Sisi mbolea hatuhitaji kununua. Vyoo vya mitaa vinaimwaga bure usiku na mchana. Baridi ya Alaska pia hatuna. Kinachokosekana katika mto wetu ni hewa. Majitaka yanaila oksijeni, na bila oksijeni ulaji wa mafuta huzorota hadi karibu kusimama.

Hapo ndipo matete yalipokuwa na kazi. Shina lake lina uwazi ndani, kama mrija, na kupitia uwazi huo hewa ya juu inashuka hadi mizizini na kuvuja kidogo kwenye tope. Kuzunguka kila mzizi kunakuwa na utando mwembamba wenye oksijeni, na humo bakteria hupanga nyumba zao. Tena matete hupunguza mwendo wa maji, na mafuta yanataka muda wa kuliwa. Mfereji mpana wenye kingo za mawe hufanya kinyume: maji yanakimbia, na mafuta yaliyotoka Grogan asubuhi yanafika Ruai bado mabichi. Sikatai kwamba utelezi unaoota juu ya jiwe nao ni bakteria. Lakini huo ni ngozi tu. Kitanda cha matete kina kina.

Na tope lenyewe? Mafuta hayapendi maji, hujishika kwenye chembe za udongo na kutulia chini. Ukilichota unaamsha yaliyolala, na ukililundika ukingoni mvua ya kwanza inalirudisha. Alaska walifanya kosa la jamii hii hii walipoosha fukwe kwa maji ya moto yenye nguvu. Zilionekana safi machoni, lakini maji yale yaliua viumbe waliokuwa wamenusurika mafuta, na fukwe hizo zilichelewa kupona kuliko nyingine zilizoachwa.

Najua jibu: mafuriko ya 2024 yalidai mto upanuliwe. Sawa, upanuliwe pale maji yanapokwama. Hiyo si sababu ya kuunyoa kingo zote mbili.

Marehemu John Michuki aliuelewa mpangilio wa kazi. Alipokuwa Waziri wa Mazingira kuanzia 2008, mafundi wa gereji waliondolewa ukingoni karibu na Globe Cinema, na leo pale pana bustani yenye jina lake. Alianza na chanzo. Na kabla yake, 1994, hapa hapa Nairobi, majitaka ya mkahawa wa Carnivore na bwawa la kuogelea la Splash yalielekezwa kwenye kinamasi cha kutengenezwa, kama nusu hekta tu: kitanda cha kokoto, kisha vidimbwi vyenye mafunjo na mimea ya majini. Waliokipima walikuta kinaondoa asilimia 98 ya uchafu unaokula oksijeni. Ni majitaka ya jiko la nyama choma, na mnajua jiko hilo lina mafuta kiasi gani. Somo hilo lilikuwa Lang'ata, nusu saa kutoka Donholm, na hakuna aliyelileta Eastlands.

Hasira yangu juu ya mitaro ya mafuta ni ya zamani. Tangu Septemba 12, 2011, petroli iliyovuja kwenye bomba ilipofuata mtaro hadi mtaa wa Sinai, ikawaka, na watu zaidi ya 100 wakafa, nimekuwa nikisema kila mtaro wa Industrial Area uhesabiwe kuwa mto. Na wanaouza bakteria wa chupa wa kumwagwa mtoni nao nawarudia: bila mimea ya kuwapa makao na hewa, wageni hao hushindwa na wenyeji.

Wanaotaka ushahidi wa mafuta hasa watazame Chakwal, Pakistan. Muhammad Afzal na wenzake waliweka mikeka ya mimea inayoelea, mita za mraba 3,058, juu ya shimo la maji machafu ya visima vya mafuta, wakaipa bakteria waliochaguliwa. Katika miezi 18 mafuta majini yalipungua kwa asilimia 99.1. Metali kama risasi na zinki haziliwi na bakteria, hubaki kwenye mimea, kwa hiyo mimea hiyo hukatwa na kupelekwa mbali. Matete ya kazi hii si lishe ya ng'ombe wa Njiru.

Bado kuna nafasi. Mdomo wa kila mtaro wa gereji uwekewe mtego wa mafuta, kisha kitanda cha matete kabla ya mto. Chini ya ukuta paachwe ngazi ya tope ya mita mbili. Miche hainunuliwi: kipande cha shina la chini ya udongo kilichobaki kwenye malundo ya tope, kikipata maji, huchipua.