Fundi wa Gobore na Fundi wa Mkuki

Wapenzi wa bunduki za kale wakishika gobore la Kiingereza la gumegume, wanauliza kwanza: fundi wake nani? Wanapangusa kutu, wanatafuta chapa. Mara nyingi wanakuta taji na neno TOWER. Ukiamini chapa, utasema limetoka Tower of London, kwenye ghala la silaha la mfalme. Lakini magobore mengi ya biashara yalipigwa neno hilo ili yauzike tu. Mengi yalitoka Birmingham, na huko huwezi kupata fundi mmoja. Huyu alifua mtutu, yule alitengeneza mtambo wa kufyatulia, mwingine alichonga kitako, mwingine akaunganisha. Muhuri wa nyumba ya ukaguzi ya Birmingham, iliyoanzishwa 1813, unasema tu kwamba mtutu ulijaribiwa kwa baruti na haukupasuka.

Sina ugomvi na swali lao. Ugomvi wangu ni kwamba linaulizwa upande mmoja.

Karne ya 19 wafanyabiashara wa pembe na watumwa walifika na bunduki zao Gondokoro, hapo ng'ambo ya mto tu kutoka Juba. Mfanyabiashara mmoja wa pembe, John Petherick wa Wales, alikusanya mikuki na vitu vingine vya watu wa huku. Baadhi viko leo makumbusho ya Pitt Rivers, Oxford. Jina la mkusanyaji lipo. La mhunzi halipo. Sasa fikiria: gobore limepita mikono mingi, bado watu wanahangaika kutafuta jina. Mkuki ulifuliwa na mhunzi ambaye majirani zake walimjua, na jina lake halikuandikwa.

Ndugu zetu wa mashirika, hili si jambo la zamani. Shanga na vikapu vya kambini vinauzwa na kikaratasi: "Kazi ya wakimbizi." Mkimbizi si jina la fundi, kama TOWER isivyo jina la fundi. Mtasema jina linaweza kumhatarisha mtu. Kweli, wengine wamekimbia watu wanaowatafuta mpaka leo. Basi muulizeni mwenyewe. Achague jina lake, au la utani, au alama tu.

Na sisi tusingoje kuulizwa. Mama, kabla kikapu hakijatoka mlangoni, suka alama yako kwenye kitako chake.